Mkono wa Serikali katika Uchumi Wetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, kutoka Dodoma

Nimefundisha historia katika shule za sekondari za mkoa huu hadi nilipostaafu, na maswali hayajakoma. Ananiuliza kijana wa kidato cha sita anayejiandaa na mtihani, ananiuliza fundi cherehani wa Majengo, ananiuliza mwanangu mwenyewe tukiwa mezani: hivi Serikali ndiyo iliyotujenga, au ndiyo iliyotukwamisha?

Nimekusanya hapa yale yanayojirudia. Mifano mingi ni ya Dodoma, Kongwa, Kondoa na Chamwino, na sikuichagua kwa mapenzi ya kwetu tu. Ni vigumu kupata sehemu nyingine ya Tanzania ambako Serikali, ya mkoloni na ya kwetu, imejaribu mambo mengi kiasi hiki juu ya ardhi ile ile na watu wale wale.

Kabla ya Azimio la Arusha, Serikali si ilikaa pembeni na kuwaachia wafanyabiashara?

Hapana. Hili ningependa lifutwe kwenye madaftari kabla ya jingine lolote.

Hata kabla ya wakoloni kulikuwa na mamlaka yenye mkono katika biashara. Misafara ya pembe za ndovu ikipita Ugogo ilitoa hongo kwa watemi ili ipite salama na kuteka maji. Wakati huo hongo ulikuwa ushuru wa njia. Neno halikuwa na aibu liliyonayo leo. Wakaja Wajerumani. Mwaka 1898 wakaweka kodi ya kibanda, na lengo halikuwa kujaza hazina peke yake. Mtu asiye na haja ya fedha ataipata haja hiyo akidaiwa kodi: atauza ng'ombe, au atakwenda kwenye mashamba ya mkonge kutafuta ujira. Soko la kazi katika nchi hii halikuzuka lenyewe. Lilitengenezwa na mtoza kodi.

Na mji huu tunaokaa? Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Pasipo uamuzi wa Serikali ya Kijerumani kupitisha reli hapa, pengine Dodoma ingebaki kijiji cha Wagogo chenye visima.

Halafu likaja jambo ambalo wazee wetu hawakulisahau. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, watu walikuwa wameshanyang'anywa akiba yao yote. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Ukame Ugogo si mgeni. Wazee walikuwa na njia za kuupita, hasa kwa kuuza mifugo na kubadilishana nafaka na jirani. Safari hii njia hizo zilikuwa zimezibwa na dola yenyewe. Kila ninaposikia mtu akisema njaa ni kazi ya mawingu, naikumbuka Mtunya.

Mradi wa karanga wa Kongwa ulishindwa kwa nini hasa? Kitabu cha shule kinasema "ukame" tu.

Ukame ulikuwepo, lakini jibu hilo ni fupi mno kwa mradi uliokula takriban pauni milioni 36.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula na wananchi wake bado walikuwa wakila kwa mgao. Mwaka 1946 ujumbe ulitumwa Afrika Mashariki. Ukazunguka wiki chache, ardhi kubwa ukiitazama kutoka kwenye ndege, ukarudi na pendekezo la kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza 1947 ikisimamiwa na kampuni binafsi, United Africa Company. Mwaka uliofuata ikakabidhiwa shirika la Serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation.

Fikirini pori la Kongwa wakati ule: miiba, mibuyu, na mizizi iliyokwenda chini kuliko mtu alivyodhani. Matrekta yaliyonunuliwa yalikuwa mabaki ya vita na yalikufa moja baada ya jingine. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa mashine za kulimia. Mafundi wa kutosha hawakuwepo, vipuri vilikuwa mbali, na bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imesongwa na mizigo. Tawi la reli likajengwa kutoka Msagali, baadaye liling'olewa. Mwaka 1947 wafanyakazi waligoma, na si ajabu, kwa kuwa maelfu ya vijana walikusanywa mahali pasipo na maji wala chakula cha kuwatosha.

Lakini kiini kilikuwa udongo. Udongo wa Kongwa ukinyeshewa unalimika. Ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji. Karanga hutungia matunda yake chini. Ilipofika siku ya kuvuna, mashine hazikuweza kuzing'oa. Hesabu ya miaka ya mwanzo inaumiza: zilinunuliwa tani 4,000 hivi za mbegu, zikavunwa tani 2,000 hivi.

Bibi yeyote wa Kigogo angeweza kuwaambia. Watu wa hapa walilima uwele na mtama kwa sababu walizozijua vizuri sana, na walijua kwamba mvua ya Kongwa inaweza kuja Desemba ikapotea Januari yote. Hakuna aliyewauliza kwa nia ya kubadilisha mpango kutokana na jibu lao.

Kuna mambo mawili ambayo nawasihi wanafunzi wasiyaruke. Kwanza, makosa makubwa yalifanyika wakati kampuni binafsi ndiyo iliyoshika usukani, kwa hiyo anayesema "Kongwa inathibitisha kwamba Serikali haiwezi biashara" amesoma nusu. Pili, mradi ulisimamishwa Januari 1951 kwa sababu Bunge la London lilikuwa na nguvu ya kuhoji. Waziri John Strachey alibanwa, hasara ikatangazwa, wakaufunga. Mlipa kodi wa Uingereza alikuwa na mtu wa kumuulizia. Mwenye ardhi wa Kongwa hakuwa naye.

Mabaki yake bado yapo. Sehemu ya ardhi ikawa ranchi ya Taifa, na kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960 Kongwa ikawapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika na kuwapa kambi. Hilo ni jambo la fahari, na ni historia nyingine.

Basi hii miradi ya sasa ya mashamba makubwa ya vijana, BBT, ni Kongwa nyingine?

Ninaulizwa hili karibu kila wiki tangu Rais Samia alipozindua programu hiyo Dodoma Machi 2023 na mashine zikaanza kusafisha ardhi kule Chinangali. Sitaki kutabiri. Vijana waliojitolea kwenda kuishi shambani wanastahili heshima, wala sifurahii mtu anayengoja waanguke ili aseme "nilisema".

Nitasema tu yale ambayo Kongwa inanifundisha kuyauliza. Maji yatatoka wapi mwaka wa tatu, wakati kamera zimeondoka? Mkulima wa kijiji cha jirani amehusishwa, au anapita nje ya uzio akitazama? Na afisa kilimo wa chini kabisa akiona zao halifai, anaweza kuandika hivyo kwenye ripoti na akabaki na kazi yake? Majibu ya maswali hayo mkiyapata mazuri, basi si Kongwa.

Kwa nini Nyerere alitaifisha benki na viwanda?

Jiwekeni mwaka 1967. Nchi ina miaka mitano na kidogo tangu uhuru. Benki kubwa ni za Waingereza, biashara ya kuingiza bidhaa imo mikononi mwa wachache, viwanda ni vya kuhesabika. Bei ya mkonge, zao lililokuwa likituletea fedha nyingi za kigeni, imeanguka. Misaada iliyotarajiwa haiji kama ilivyoahidiwa. Tulishakosana na Uingereza kuhusu Rhodesia, na pia na Ujerumani Magharibi kuhusu uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na siku iliyofuata ikatangazwa kwamba benki zimekuwa mali ya umma. Hapo ndipo ilipozaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Zikafuata kampuni za biashara ya jumla, bima, viwanda vya kusaga nafaka, na hisa katika viwanda vingine na mashamba ya mkonge. Maneno yaliyotumika ni "njia kuu za uchumi", na wazee mnaowafahamu bado wanayatamka kwa uzito.

Mimi naona hoja ilikuwa na mantiki. Nchi isiyo na tabaka la wenye mitaji wa kwao ilikuwa na njia mbili: ingoje mitaji ya nje, au Serikali iwe mwekezaji. Nchi nyingi zilizopata uhuru wakati ule, za mrengo wa kulia na wa kushoto, zilichagua njia ya pili kwa viwango mbalimbali. Tulipokosea zaidi ni kwenye kasi. Kufikia miaka ya 1980 mashirika ya umma yalikuwa zaidi ya 400, na nchi haikuwa na mameneja wala wahasibu wa kuyaendesha 400.

Operesheni Dodoma ilikuwa nini? Babu hataki kuizungumzia.

Usimlazimishe, mwanangu. Atasema siku akiwa tayari.

Wazo la vijiji vya ujamaa lilikuwa la hiari mwanzoni. Mwalimu Nyerere aliandika hivyo mwenyewe mwaka 1967: watu washawishiwe, wasilazimishwe. Mkoa wa Dodoma ukapigwa na ukame mwishoni mwa miaka ya 1960, chakula cha msaada kikawa kinagawiwa, na 1970 hadi 1971 Operesheni Dodoma ikaanza. Nia ilikuwa kuwakusanya watu wa mkoa mzima katika vijiji ili wapelekewe maji, shule na zahanati. Mwalimu mwenyewe alikaa Chamwino, akifyatua matofali pamoja na wanakijiji. Hiyo ndiyo asili ya Chamwino kuwa na Ikulu. Sijasikia kiongozi wa nchi nyingine aliyefanya hivyo, na naamini alikuwa anamaanisha.

Novemba 1973 hiari ikaondolewa. Kuishi vijijini ikawa amri kwa nchi nzima, itimizwe kufikia mwisho wa 1976. Zaidi ya watu milioni 10 walihesabiwa kuwa wamo vijijini mwishoni. Katika sehemu mbalimbali nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi.

Sasa nieleze kilichoharibika, maana kwenye vitabu kinapitwa haraka. Tembe la Kigogo halikuwa nyumba tu. Lilikuwa shamba, zizi na ghala kwa pamoja. Ng'ombe walilala uani. Samadi ikaenda kwenye shamba la karibu. Shamba lile likavumilia mvua haba kuliko mengine. Kaya zilikaa mbalimbali kwa sababu maji na malisho ni haba, na kukaa mbalimbali kulikuwa akili ya ardhi kavu. Mlipowakusanya watu mia kadhaa mahali pamoja, samadi ikabaki upande huu na shamba likawa upande ule, kilomita tano au nane. Ng'ombe wote wakakanyaga malisho yale yale. Kuni zikaisha karibu na kijiji ndani ya misimu michache. Baba yangu alikuwa na kipande cha uwele nyuma ya tembe, hakikumwangusha hata mwaka mmoja ninaoukumbuka. Kijijini alipewa ekari ya mchanga, na viongozi waliokuja kupima hawakumuuliza anajua nini kuhusu mchanga ule. Alilima hivyo hivyo. Mama alikuwa akitembea alfajiri kwenda shambani na kurudi jioni, na mtoto mgongoni.

Lakini mimi nilisoma katika shule iliyojengwa kwenye kijiji hicho. Bila kijiji nisingekuwa mwalimu. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoamuliwa Musoma mwaka 1974, na kampeni za kisomo cha watu wazima ziliifanya Tanzania ihesabiwe miongoni mwa nchi za Afrika zenye watu wengi wanaojua kusoma. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake akiwa na watoto wanne. Mambo hayo mawili, shamba lililopotea na jina lililoandikwa, nayabeba pamoja. Sijapata mizani ya kuyapimia.

Jambo jingine linalosahaulika: sheria ya vijiji ya 1975 ilikipa kijiji nafsi ya kisheria, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imejengwa juu ya msingi huo. Leo mkutano mkuu wa kijiji ukikataa kutoa ardhi kwa mwekezaji, unasimama juu ya mabaki ya operesheni ile ile.

Bibi anasema walikula ugali wa yanga na kupanga foleni ya sabuni. Ni ujamaa uliosababisha?

Yanga yalikuwa mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani. Rangi ndiyo iliyoyapa jina. Yalikuja wakati wa upungufu wa 1974 na yakarudi tena miaka ya 1980.

Sababu zilikuwa nyingi na zilikutana. Ukame wa 1973 na 1974. Bei ya mafuta kupanda mara nne 1973, kisha kupanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, ikabidi tununue ndege na vichwa vya treni vya peke yetu. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Hayo hayakuwa makosa ya mkulima wala ya karani.

Yako tuliyoyafanya wenyewe. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Nia ilikuwa haki: mkulima wa Rukwa asiadhibiwe kwa kuwa mbali. Matokeo yake lori lilisafiri kutoka pembezoni hadi Dar es Salaam kwa gharama iliyozidi thamani ya mzigo, na mkulima wa karibu na mji akaona bei ya Serikali haimlipi, akauza kwa magendo usiku. NMC ikakopa NBC, NBC ikachapishiwa fedha, bei zikapanda. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na kazi yao wakapewa mamlaka za mazao ambazo mkulima hakuwa na kura ndani yake. Hili nalihesabu kuwa kosa baya kuliko kutaifisha benki. Ushirika ulikuwa na wezi wake, ndiyo, lakini ulikuwa pia mdomo wa mkulima. Ulirejeshwa kwa sheria ya 1982, ukiwa umeshadhoofika.

Na viwanda? Vilihitaji vipuri, vipuri vilihitaji fedha za kigeni, fedha za kigeni zilihitaji kibali. Kiwanda cha sabuni kikikosa malighafi miezi mitatu, duka la kijiji linakuwa na rafu tupu, na mwenye duka anakuwa na marafiki wa ghafla. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Watu walitupa sukari na vitenge porini kwa hofu. Msako uligusa hasira ya kweli ya wananchi, bidhaa hazikuongezeka. Zilianza kuongezeka mwaka uliofuata, bajeti iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize mizigo bila kuulizwa amezipata wapi.

Mbona Korea Kusini nayo Serikali ilishika kila kitu, ikafika?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linawaondoa watu kwenye ubishi wa "Serikali au soko".

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Korea Kusini ilikuwa nchi maskini. Park Chung-hee alitwaa madaraka 1961, akazichukua benki, akaunda bodi ya kupanga uchumi. Kampuni ya chuma ya POSCO ilianzishwa na Serikali mwaka 1968, ingawa wakopeshaji wa kimataifa waliona haitalipa, na ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chuma duniani. Uingereza nayo ilipiga marufuku vitambaa vya pamba vya India mwanzoni mwa miaka ya 1700 ili kulinda wafumaji wake. Marekani ililinda viwanda vyake kwa ushuru mkubwa kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Nchi karibu zote tajiri zilipanda kwa ngazi ya Serikali.

Tofauti iko wapi? Kampuni ya Korea ilipewa mkopo nafuu kwa sharti: uza nje kiasi fulani. Park alihudhuria mwenyewe vikao vya kila mwezi vya mauzo ya nje. Aliyeshindwa alikatiwa mkopo. Soko la nje lilikuwa mwalimu asiyehongeka, likisema ukweli kila mwezi. Kwetu shirika lililopata hasara lilipewa mkopo mwingine, na taarifa zilizopanda juu zilikuwa zimepakwa rangi kila ngazi. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze Ulaya, hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Hakuna aliyelazimika kueleza.

Nisiwafiche upande wa pili. Korea iligawa ardhi kwa wakulima kabla ya yote, ilipata msaada mkubwa wa Marekani, ilikuwa tayari na watu wengi waliosoma, na wafanyakazi wake walikandamizwa vibaya. Sisi tulianza uhuru na wahitimu wa chuo kikuu wa kuhesabika. Anayetulinganisha bila kulitaja hilo anatuonea.

IMF ndiyo iliyoua ujamaa?

Ilisukuma, lakini mlango ulikuwa umeshalegea. Nyerere alikataa masharti yao kwa miaka kadhaa. Ali Hassan Mwinyi aliingia 1985, makubaliano yakafikiwa 1986, na shilingi ikashushwa thamani kutoka takriban 17 kwa dola hadi takriban 40. Watu wakamwita Mzee Ruksa. Bidhaa zilirudi madukani, na hilo aliyepanga foleni hatalisahau. Pia ada zikarudi shuleni na hospitalini, na asilimia ya watoto waliokuwa shule ya msingi ikashuka. Ada za shule ya msingi zilifutwa tena 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu hadi kidato cha nne ikawa bila ada. Kizazi kizima katikati hapo kililipa gharama ya marekebisho yale, na hakijaombwa radhi na yeyote.

Ubinafsishaji ulifaulu?

Inategemea ulikuwa umesimama wapi. Kampuni ya Bia iliyoingiwa na mwekezaji 1993 ilifufuka. NBC iligawanywa 1997, sehemu yake ikauzwa 2000. Sehemu nyingine, NMB, leo ina matawi hadi wilayani. Viwanda vingi vya nguo na ngozi vilinunuliwa vikageuzwa maghala.

Reli ndiyo inayotuuma sisi wa kanda ya kati. Ilikabidhiwa mwaka 2007 kwa kampuni ya RITES ya India, na 2011 Serikali ikairudisha mikononi mwake. Katikati, mafuriko ya mwisho wa 2009 yakaikata kati ya Kilosa na Gulwe. Mji uliozaliwa na treni ukakaa kwa muda bila treni ya kutoka Dar es Salaam. Sasa reli ya kisasa, iliyojengwa na Serikali, imefika: tangu Julai 2024 mtu anatoka Dar es Salaam na kuingia Dodoma kwa saa chache. Mwekezaji binafsi asingeijenga peke yake kwa gharama ile. Mimi nimeipanda, nikapita Gulwe nikitazama dirishani, na sikuona aibu kutokwa machozi.

Kondoa walifukuziwa ng'ombe kweli?

Kweli. Milima ya Irangi ilikuwa imechimbwa na makorongo ya mmomonyoko, mengine yanaweza kumeza nyumba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden, kwa makinga maji na upandaji miti. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika. Miti na majani yalirudi. Hilo mtu analiona kwa macho. Ila maziwa ya watoto yaliondoka pamoja na ng'ombe, na aliyekuwa na ndugu wa kumwekea mifugo kwingine alinusurika kuliko asiye naye. Miaka kumi baadaye ufugaji wa ndani ukaruhusiwa. Ninamheshimu mtu wa Kondoa anayesema "walikuwa sahihi, na walituumiza" kwa pumzi moja.

Kuhamishia makao makuu Dodoma: ni uchumi au siasa?

Yote. TANU iliamua Oktoba 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huo huo. Hoja zilikuwa kukaa katikati ya nchi na kuachana na uchumi uliojengwa kuelekea bandarini. Ilitarajiwa kazi ichukue miaka kumi. Fedha zikaisha kwa sababu nilizoeleza juu, na kwa miaka mingi tukabaki na Bunge, chama na ramani nzuri.

CDA iliupanga mji vizuri kuliko miji mingi, barabara pana mnazoziona ni kazi yake. Lakini ilimiliki ardhi yote na kuwapa watu hati za miaka 33, wakati kwingine ni 99. Mwenye hati fupi hukopa kidogo na kujenga kwa mashaka. Ilivunjwa Mei 2017, baada ya Rais Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba Serikali inahamia. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban 411,000 katika wilaya ya mjini. Ya 2022 ikahesabu takriban 765,000. Hapa ndipo pa kujifunza jinsi matumizi ya Serikali yanavyovuta ya watu binafsi: wizara ikijenga kwenye Mji wa Serikali kule Mtumba, mama anafungua mgahawa Ihumwa, fundi anapata tenda, bei ya kiwanja inapaa. Na mkulima wa pembezoni aliyepokea fidia anagundua mwaka mmoja baadaye kwamba haimnunulii robo ya kile alichotoa. Maji nayo hayakuhama pamoja na wizara. Jiji bado linategemea sana visima vya bonde la Makutupora, na bwawa la Farkwa limezungumzwa miaka mingi. Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja bungeni, ningeuliza hilo.

Serikali inapopiga marufuku kuuza mahindi nje, inamsaidia nani?

Mla wa mjini, kwa muda. Marufuku hizi zimewekwa na kuondolewa mara kadhaa tangu uhuru. Nenda soko la Kibaigwa siku bei inaposhuka ghafla, mtazame mkulima aliyekuja na magunia kumi kwa mkopo wa trekta. Akiba ya Taifa ya chakula ni jambo jingine, naiunga mkono kwa moyo wote: mkoa wetu umeokolewa nayo zaidi ya mara moja. Serikali inaweza kununua kwa bei ya soko na kuweka kwenye vihenge, bila kumfungia mkulima mpaka.

Kodi ya kichwa ilifutwa lini?

Mara ya kwanza 1969. Ikarudi 1984 kwa jina la kodi ya maendeleo, mgambo wakiwakimbiza watu minadani, ikafutwa 2003.

Nataka kuandika historia ya uchumi ya kijiji changu. Nianzie wapi, Mwalimu?

Anza nyumbani. Muulize mzee mahali zizi lilipokuwa kabla ya kijiji, na shamba lilikuwa hatua ngapi kutoka hapo. Muulize bibi walinunua chumvi wapi mwaka wa vita vya Kagera, na kwa kubadilishana na nini. Mwombe mtendaji akuonyeshe daftari la kijiji na mihtasari ya mikutano, ya zamani kabisa atakayoipata. Nyaraka za wakoloni ziko Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Chora ramani ya kisima, shule, mnada na njia ya ng'ombe, andika nani aliamua kila kimoja kiwe pale kilipo na mwaka gani. Na ukiwa kwa yule babu asiyetaka kuzungumzia Operesheni, nenda naye shambani msimu wa palizi. Mkono ukiwa na jembe, mdomo wake utafunguka.